Namna ya Kumwadhibu Bingwa wa Drafti

Aikande Ndesanjo ana miaka arobaini na moja, ana cherehani mbili katika kibanda chake cha Levolosi, na anashona sare za shule. Ukimpelekea mtoto ampime, atakuuliza shule gani, na kabla hujamaliza kujibu ameshachukua kitambaa cha rangi inayotakiwa. Kwao ni Machame. Kanisani huimba sauti ya pili. Mumewe, Hans, ni dereva wa watalii, kwa hiyo wakati wa msimu huonekana nyumbani kama mgeni mwenye funguo.

Chesi ilimfikia kwa njia ya ajabu. Mwanawe Abdiel, alipokuwa darasa la tano, alipewa seti ya chesi shuleni. Akaicheza wiki mbili, akaiacha, akarudi kwenye mpira. Aikande akaiokota chini ya kitanda ili aigawe. Akasoma kikaratasi cha sheria kilichokuwa ndani ya boksi, akapanga kete mezani aone zinakaaje, na hakuigawa tena. Hiyo ni miaka sita iliyopita.

Klabu yetu hukutana kila Jumamosi mchana Kimandolu, katika darasa la shule ya chekechea. Tunalipata bure kwa sababu Mwalimu Stanley, mwenyekiti wetu, anafahamiana na mwenye shule. Ubaya wake ni viti. Ni viti vya watoto wa miaka minne, vyekundu na vya njano, na mtu mzima akikaa magoti humfikia kidevuni. Ukutani kuna picha ya ng'ombe, picha ya ndizi na picha ya nyanya. Wanaume wenye vitambi hucheza mchezo wa wafalme wakiwa wamekunjana chini ya nyanya, na hakuna anayecheka, kwa kuwa wote wamekunjana.

Kila mwaka timu yetu huenda Moshi kucheza na klabu ya huko. Meza ni nne, kwa hiyo wachezaji ni wanne. Wa tano ni wa akiba. Aikande alikwenda Moshi mwaka juzi akiwa wa akiba. Mwaka jana akaenda tena, akiwa wa akiba. Mara zote mbili alikaa kwenye benchi pembeni kuanzia asubuhi hadi jioni, amevaa gauni alilojishonea kwa safari hiyo, akiangalia wenzake wanne wakicheza, na hakuna hata mmoja aliyepata homa. Mwaka huu mchezaji wa meza ya nne alihamia Dodoma. Nafasi ikawa wazi, na Aikande akaanza kukata kitambaa cha gauni jipya.

Ndipo akaja Ezra Yiamat.

Ezra ni mwenye bucha, hapohapo Levolosi, mitaa miwili kutoka kibanda cha Aikande. Kwao ni upande wa magharibi wa Mlima Meru, ambako baba yake bado anafuga na kulima. Ni mtu wa miaka thelathini na tano, mikono mikubwa, kicheko kikubwa, na kwa miaka kumi alikuwa mfalme wa drafti katika kijiwe kilicho mbele ya bucha lake. Alipoona hakuna tena wa kumfunga, akaja kwetu kutafuta watu wapya. Miezi minane baadaye alikuwa amewafunga watu wengi wa klabu, na Aikande alikuwa miongoni mwao. Alimfunga mara tatu.

Kilichomuumiza Aikande si kufungwa. Kilichomuumiza ni kwamba Ezra alikuwa akianza mchezo vibaya, kila mara, na kila mtu alikuwa anaona. Kitabu chochote cha chesi kitakuambia kwamba mwanzoni utoe jeshi lako: farasi watoke, maaskofu watoke, mfalme afichwe pembeni nyuma ya askari. Ezra hakutoa kitu. Farasi wake, maaskofu wake na ngome zake walibaki mstari wa nyuma kama watu wanaosubiri daktari. Alitembeza askari na malkia tu, na malkia huyo alikula kila alichokikuta njiani. Haya ni makosa. Makosa ya mwanzo yanatakiwa kuadhibiwa. Aikande alijua hivyo, akamtegea mitego mizuri, na Ezra akaikwepa yote, akala askari wawili watatu, na mwisho wa mchezo askari hao wa ziada wakammaliza Aikande taratibu.

"Wewe unamtegea," Resiato, muuguzi anayecheza meza ya pili, alimwambia Aikande siku aliyofungwa mara ya tatu. "Huyu hategeki. Akiona nyama anahesabu mpaka hatua ya sita. Umeshamwona anavyohesabu?"

"Namwona. Midomo inacheza."

"Sasa."

"Sasa nifanyeje, nimwache ale tu?"

Resiato akatazama saa. Alikuwa amekalia kiti cha njano, na alikuwa na haraka ya kwenda zamu.

Mwalimu Stanley akatangaza kwamba meza ya nne itaamuliwa kwa mchezo mmoja, Jumamosi inayofuata, kati ya Aikande na Ezra. Kwa kuwa Ezra alikuwa na pointi nyingi zaidi za mwaka, wakitoka sare, nafasi itakuwa yake. Aikande alitakiwa kushinda. Hakuna kingine ambacho kingemfikisha Moshi akiwa amekaa mezani.

Jumatano alikwenda kununua nyama. Angeweza kununua karibu zaidi, lakini alikwenda kwa Ezra, na alichagua saa ambayo Ezra huwa amekwenda machinjioni. Mbele ya bucha kuna ubao wa mbao uliopigwa miraba kwa rangi nyeusi, na kete ni vifuniko vya soda: mmoja anavilaza, mwenzake anavigeuza. Wazee wawili walikuwa wanacheza na watu saba walikuwa wanawafundisha.

"Shikamoo mzee," Aikande alimsalimia aliyekuwa karibu, Mzee Lomayani, ambaye alikuwa anafungwa.

"Marahaba mwanangu. Kaa hapo uone mtu anavyoonewa."

"Lomayani, kula!" akapiga kelele mwenzake.

"Naona."

"Unaona na huli? Kula, ni lazima!"

"Nimesema naona!" Mzee Lomayani akala kifuniko kimoja, na papo hapo mwenzake akala vitatu kwa mruko mmoja, pa, pa, pa, akivigonga ubaoni mpaka kijiwe kizima kikashangilia.

"Mzee, kwa nini umekula na ulijua atakula vitatu?" Aikande aliuliza.

Mzee Lomayani akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu. "Drafti ukikuta cha kula unakula. Hakuna kukataa. Ndiyo sheria."

"Na hivi vya nyuma, mbona huvisogezi?"

"Hivyo? Nikivitoa hivyo huyu jambazi anaingia nyumbani kwangu anakuwa kingi. Mstari wa nyuma unakaa. Hata Ezra, muulize, ndivyo tulivyomfundisha akiwa kijana mdogo hapa."

"Na ukitaka kurudisha kimoja nyuma?"

Watu saba wakacheka kwa pamoja. "Mama, kete ya drafti hairudi!" akasema mmoja. "Mpaka iwe kingi."

Aikande alikaa pale karibu saa nzima. Nyama ilianza kuvuja kwenye mfuko. Alikuwa ameishi na makosa ya Ezra kwa miezi minane akidhani ni uzembe, kumbe hayakuwa uzembe hata kidogo. Ezra alikuwa mtii. Alikuwa anatii sheria za mchezo mwingine, na alizitii vizuri kuliko sisi tunavyotii za kwetu.

Njiani akirudi kibandani alipata wazo lake. Mitego yote aliyomwekea Ezra ilimtaka Ezra akosee hesabu ya kula, na Ezra hakosei hesabu ya kula. Basi asimtegee. Ampe chakula kwa mkono, waziwazi, na kila Ezra akila, yeye atumie nafasi hiyo kutoa mtu mmoja wa jeshi. Mlaji anapata askari. Mtoaji anapata hatua. Usiku huo hakushona chochote, na wazazi wa mtoto mmoja wa darasa la kwanza walikuja asubuhi wakakuta suruali ina mguu mmoja.

Jumamosi ikafika. Mwalimu Stanley alificha askari wawili mikononi, Ezra akagusa mkono wa kushoto, akapata mweusi. Aikande akacheza weupe. Kila mmoja alipewa dakika arobaini na tano. Wanachama wengine waliacha michezo yao wakasogea.

"Kimya," alisema Mwalimu Stanley, ingawa hakuna aliyekuwa amesema kitu.

Aikande alisukuma askari wa mbele ya mfalme hatua mbili, na Ezra akafanya hivyohivyo. Aikande akasukuma askari wa mbele ya malkia hatua mbili, akamweka mdomoni kabisa. Ezra akamla. Aikande akaleta wa tatu, akamweka palepale. Ezra akamtazama yule askari, akamtazama Aikande.

"Dada, leo kuna sherehe?"

"Karibu, kaka."

"Kimya," alisema Mwalimu Stanley.

Ezra akamla. Mtu yeyote sasa angelipiza, lakini Aikande aliacha, akamtoa askofu wake mmoja. Ezra akala wa tatu. Hapo ndipo Aikande alipomla yule mlaji kwa askofu wake wa pili. Hesabu ilikuwa hivi: Ezra amekula askari watatu, Aikande amekula mmoja. Lakini Aikande alikuwa na maaskofu wawili nje, wametazama upande wa mfalme mweusi kama taa mbili za gari. Ezra hakuwa na mtu hata mmoja nje.

Ilikuwa zamu ya Ezra, na alitakiwa kutoa farasi. Hata watoto wenye viti vile wangemshauri atoe farasi. Ezra akamtoa malkia, akamleta mpaka karibu na mfalme wa Aikande. Aikande akamtoa farasi, akimtishia malkia. Malkia akala askari wa nne.

"Huyu mama anafilisika," alinong'ona mtu nyuma.

"Kimya!"

Sasa Aikande akamrusha askofu wake hadi mlangoni pa mfalme mweusi, akala askari aliyekuwa pale, na kusema, "Cheki," yaani mfalme ametishiwa. Mfalme angeweza kumla askofu huyo, kwa sababu hakuna aliyekuwa anamlinda. Tulijua kinachofuata endapo atamla: ngome ya Aikande itamfukuza malkia, malkia atakimbilia kwenye mraba pekee uliobaki, na farasi atawagonga mfalme na malkia kwa mruko mmoja.

Ezra alijua pia. Midomo yake ilicheza. Moja, mbili, tatu, nne. Kisha akatabasamu, akamsogeza mfalme wake pembeni hatua moja.

"Hii ina sumu, dada. Mimi ni muuza nyama, naijua."

Watu wakacheka, hata Mwalimu Stanley. Aikande hakucheka, ila alikuwa ametarajia hivyo. Akaleta ngome, malkia akakimbia. Akaipandisha ngome, malkia akakimbia tena, mpaka pembeni mwa ubao. Hatua nyingine mbili za bure.

Na hapo, kama ilivyokuwa katika michezo mitatu iliyopita, njia ikakatika. Ezra alikuwa mbele kwa askari wawili. Malkia wake alikuwa amekwisha kutulia. Aikande alikuwa na jeshi nje, lakini jeshi likikaa nje bila kufanya kitu, yule mwingine hutoa la kwake polepole, na baada ya hatua sita mambo yanakuwa sawa, isipokuwa kwa wale askari wawili. Alijua hisia hii. Ilikuwa ni ile hisia ya kuridhika kwamba amecheza vizuri, ambayo kila mara ilifuatiwa na kufungwa.

Alikaa akiangalia. Dakika kumi na mbili zikapita. Resiato alitoka nje, akarudi. Aikande alijaribu farasi kwenda mbele: Ezra ana jibu. Alijaribu malkia kwenda mbele: Ezra ana jibu pia. Kila alikotazama mbele alimkuta Ezra ameshafika, ameshahesabu, anasubiri. Akainua macho akamwangalia Ezra mwenyewe. Macho ya Ezra yalikuwa yanatembea ubaoni, kutoka upande wa Aikande kuja upande wake, tena na tena. Yalikuja. Yalihesabu wanaokuja tu, si wanaorudi.

Kete ya drafti hairudi.

Aikande akamshika askofu aliyebaki nyuma, yule mzuri, aliyekuwa akitazama mstari mrefu kuliko wote, akamrudisha nyumbani kwake. Palepale alipoanzia mchezo.

Kelele ndogo ilitoka kwa watu. Mwalimu Stanley alisahau kusema kimya.

"Dada!" Ezra alifungua mikono. "Unarudi? Tumechoka tayari?"

"Cheza, kaka."

Kutoka nyumbani kwake yule askofu alikuwa anamtazama malkia wa Ezra moja kwa moja, kupitia njia iliyokuwa wazi. Hilo Ezra aliliona, hakuwa kipofu. Malkia lazima aondoke. Na aliona pia, kwa furaha kubwa, kwamba askofu kwa kuondoka alikotoka ameacha vitu viwili bila ulinzi. Kuna mraba mmoja katikati ambao malkia akikaa atatishia kula ngome upande huu na askofu mwingine upande ule. Viwili kwa mpigo! Kwa mtu aliyelelewa na ubao wenye vifuniko vya soda, mraba huo ulikuwa unawaka moto.

Akamnyanyua malkia, akamgonga pale. Pa!

"Chagua, dada. Nile kipi?"

Aikande akamchukua yule askofu aliyetoka kurudi nyumbani, akamrusha tena mbele, kando ya malkia. Hakugonga. Alimweka taratibu kama anayeweka pini kwenye kitambaa.

Ezra akanyoosha mkono kula. Mkono ukasimama hewani. Malkia wake alikuwa amesimama katikati ya askofu wa Aikande na mfalme wake mwenyewe. Akitoka kwenye mstari huo, mfalme anabaki kwenye cheki, na sheria hairuhusu. Hawezi kula ngome. Hawezi kula askofu yule mwingine. Anaweza tu kumla huyu aliyemtishia, na farasi wa Aikande yuko tayari kulipiza. Na wale wa kumwokoa, farasi wawili, maaskofu wawili na ngome mbili, walikuwa wote nyumbani, safi, hawajaguswa tangu watoke kwenye boksi.

Midomo ya Ezra ilicheza kwa muda mrefu. Kisha ikaacha.

"Huyu," alisema, akimwonyesha askofu kwa kidole, "si ulikuwa umemrudisha?"

"Nilimrudisha."

"Halafu akatoka tena."

"Akatoka tena."

"Hiyo ni haki?" alimgeukia Mwalimu Stanley.

"Ni haki," alisema Mwalimu Stanley. "Na kimya."

Ezra alimla askofu kwa malkia, farasi akamla malkia, na mtu wa kawaida wa klabu angenyoosha mkono hapo na kukubali. Lakini kijiweni hakuna kukubali. Mtu hufungwa mpaka kifuniko cha mwisho. Kwa hiyo walicheza hatua nyingine ishirini na mbili. Aikande hakuruhusu furaha imkalie. Kila hatua aliandika kwenye daftari, kila hatua aliitazama mara mbili, na dakika zake zilishuka hadi tatu, mbili, moja na nusu. Sote tulikuwa tumesimama. Ezra alianza kutoa farasi wake mmoja mmoja, amechelewa kama mgeni anayefika harusini wakati vyombo vinaoshwa, lakini alipigana kwelikweli, na mara moja alikaribia kupata sare kwa kumfanya mfalme wake mweusi akose pa kusogea bila kuwa kwenye cheki. Aikande aliona sekunde ya mwisho, akaurudisha mkono kabla haujamgusa malkia, akacheza ngome badala yake.

"Meti," alisema, kwa maana mfalme mweusi hakuwa tena na pa kukimbilia. Sauti yake ilitoka ndogo sana.

Ezra aliutazama ubao kutoka upande wake kwenda upande wa Aikande, kisha kutoka upande wa Aikande kurudi kwake. Akampa mkono, na mkono wa Aikande ukapotea ndani.

"Dada, nilikuwa nakula. Ulijuaje nitakula?"

"Nilipita kwenu Jumatano kununua nyama."

"Nani alikuuzia?"

"Kijana wako. Wewe ulikuwa machinjioni."

Ezra alifikiri kidogo, halafu kile kicheko chake kikubwa kikalijaza darasa. "Lomayani! Yule mzee hawezi kukaa na siri hata ya drafti!"

Alianza kupanga kete upya bila kuulizwa, akisema anataka mwingine sasa hivi, wa kirafiki, na kwamba Moshi atakwenda hata kama ni kukaa benchi, mradi mtu amweleze vizuri jambo hili la kurudi. Resiato akakaa mbele yake kumweleza.

Mwalimu Stanley alichukua chaki akaenda kwenye ubao mweusi wa chekechea, akaandika majina manne chini ya neno Moshi. La nne lilikuwa Aikande Ndesanjo. Aikande aliinuka kutoka kwenye kiti chekundu kwa shida, mguu mmoja ukiwa umekufa ganzi, akachechemea hadi ubaoni. Akatoa simu, akapiga picha. Ilitoka na ukungu kwa sababu alikuwa amesimama kwa mguu mmoja. Akaegemea ukuta, akasubiri, akapiga nyingine.